Hesabu ya volti, ampea na omu inapokataa: dalili, vyanzo na namna ya kuvikagua

Maltimita ikionyesha volti 195 kwenye soketi ya jikoni saa moja jioni, birika la umeme la wati 2,000 si la wati 2,000 tena, na anayeendelea kupiga hesabu kwa namba ya kibandiko atapata majibu yasiyokubaliana na chochote atakachopima baadaye. Kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi wa Mbeya, Iringa na Njombe, ambako birika, hita ya kuogea na taa za kulelea vifaranga huchoshwa hasa kuanzia Juni hadi Agosti, kosa la namna hii halina msimu wa kupumzika. Hapa nitazifuata dalili zinazojitokeza mara kwa mara, nieleze kinachozizalisha, na nionyeshe kipimo kinachoweza kuthibitisha chanzo kabla mtu hajanunua kifaa kipya.

Kanuni zenyewe ni chache. Volti hupima msukumo wa umeme, ampea hupima mkondo unaopita, na omu hupima ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia mkondo huo. Volti ni sawa na ampea mara omu, kwa hiyo ukinzani hupatikana kwa kugawanya volti kwa ampea. Nguvu, kwa wati, ni volti mara ampea. Ukiziunganisha hizo mbili unapata nyingine mbili zinazorahisisha kazi: wati ni ampea mara ampea mara omu, au volti mara volti kisha ugawanye kwa omu. Anayezijua hizi nne hahitaji ya tano kwa vifaa vya joto, ingawa kwa mota na balbu za LED kuna nyongeza nitakayoieleza mbele.

Hesabu nyingi zilizokataa ambazo nimewahi kuletewa hazikukataa kwa sababu ya kanuni. Volti zilichukuliwa kwenye kibandiko, ampea zikapimwa kwenye meinswichi huku friji nayo inanguruma, na omu zikapimwa kesho yake koili ikiwa baridi. Kisha namba hizo tatu, ambazo kwa kweli ni za vitu vitatu, zikaingizwa kwenye kanuni moja. Georg Ohm mwenyewe, mwanafizikia wa Kijerumani ambaye omu imepewa jina lake, aliwahi kuangushwa na jambo hilihili. Majaribio yake ya mwaka 1825 yalitegemea betri za wakati ule, ambazo volti zake ziliyumba kadiri mkondo ulivyovutwa, na kanuni aliyoitoa haikuwa sahihi. Mwaka uliofuata alibadili chanzo cha umeme, akatumia kiungo cha shaba na bismuthi ambacho upande mmoja ulikaa kwenye maji yanayochemka na wa pili kwenye barafu. Volti zikatulia, na uhusiano tunaoutumia leo ukajitokeza, akauchapisha kwa ukamilifu mwaka 1827. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya hesabu iliyokataa ni hili: je, volti, ampea na omu hizi zilikuwa za kifaa hikihiki, katika ncha zilezile, kwa dakika ileile?

Wati zilizopatikana ni pungufu kuliko za kibandiko

Geuza birika uangalie chini yake. Mara nyingi utakuta imeandikwa volti 220 hadi 240 na wati 1,850 hadi 2,200. Wapo wanaodhani kwamba birika hujichagulia wati ndani ya mipaka hiyo kadiri linavyopenda, lakini ukipiga hesabu pande zote mbili utaona kwamba kibandiko kinasema jambo moja tu: 220 × 220 ÷ 1,850 ni omu 26.2, na 240 × 240 ÷ 2,200 ni omu 26.2 vilevile. Kitu kisichobadilika ndani ya birika hilo ni ukinzani wa koili yake. Wati ni matokeo ya volti zinazofika.

Sasa rudi kwenye soketi yenye volti 195. Ampea zitakuwa 195 ÷ 26.2, yaani 7.44, na wati zitakuwa 195 × 7.44, yaani takriban 1,451. Kwenye volti 230 birika hilo lingetoa wati 2,019. Volti zimepungua kwa asilimia 15, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 28, kwa sababu volti zinaposhuka zinashuka na ampea pamoja nazo. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba upungufu wa volti na upungufu wa nguvu huenda sambamba.

Tofauti hiyo huonekana kwa macho. Katika mji wa Mbeya, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94. Kupandisha lita moja na nusu kutoka nyuzi 15 hadi 94 kunahitaji nishati ya jouli kama 496,000. Kwa wati 2,019 ni dakika nne na sekunde sita, na kwa wati 1,451 ni dakika tano na sekunde 42, bila kuhesabu joto linalopotea kupitia ubavu wa birika. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba koili imechoka hajakosea alichokiona, ila amekosea chanzo.

Njia ninayoipenda zaidi ya kuthibitisha wati haihitaji hata maltimita. Kwenye uso wa mita ya LUKU kuna kitaa kidogo kinachopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mapigo kwa uniti moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa birika, chukua simu yenye saa, kisha hesabu sekunde za mapigo kumi, ukianza kuhesabu kwenye pigo la sifuri wala si la kwanza. Ikiwa mita imeandikwa mapigo 1,000, kila pigo ni saa-wati moja, kwa hiyo unagawanya 3,600 kwa sekunde za pigo moja. Mapigo kumi yakichukua sekunde 25, pigo moja ni sekunde 2.5 na nguvu ni wati 1,440, namba inayokaribiana sana na 1,451 ya hesabu yetu. Kama mita yako imeandikwa idadi nyingine, kwa mfano 1,600, zidisha idadi hiyo kwa sekunde za pigo moja kisha ugawanye 3,600,000 kwa jibu hilo.

Volti zikiwa 195 hata pale kila kifaa ndani ya nyumba kimezimwa, tatizo liko nje ya nyumba na hesabu yako ya ndani haina dosari. Andika vipimo pamoja na saa ulizovipima na uripoti kwa shirika la umeme. Zikiwa 228 kifaa kikiwa kimezimwa na kushuka pale kinapowashwa, nenda kwenye sehemu ya kushuka kwa volti hapa chini.

Omu za maltimita hazilingani na omu za hesabu

Dalili hii ndiyo inayowachanganya wanafunzi kuliko zote, na mfano wake maarufu ni balbu ya zamani yenye waya wa tungsteni. Balbu ya wati 100 kwa volti 230 inapaswa kuwa na omu 529. Iweke juu ya meza ikiwa baridi, gusisha ncha za mita, na utasoma karibu omu 40. Mwanafunzi anayeiamini namba hiyo atapata 230 × 230 ÷ 40, yaani wati 1,322, na atabaki ameikodolea macho balbu ambayo haijawahi hata kuunguza kidole kwa kiasi hicho. Kanuni iko sawa na mita iko sawa. Tungsteni ikiwaka hufikia nyuzi zaidi ya 2,000, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi. Maltimita, ambayo hupitisha mkondo mdogo mno, haiwezi kuipasha. Ukinzani wa balbu inayowaka hupatikana kwa kupima volti na ampea ikiwa inawaka, kisha kugawanya. Hii ndiyo sababu pia balbu za namna hiyo hupenda kukatika sekunde ileile unapobonyeza swichi, kwa kuwa mkondo wa mwanzo ni mkubwa mara nyingi kuliko wa kawaida.

Koili za birika, pasi na jiko hutengenezwa kwa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu ambao ukinzani wake hubadilika kidogo tu kwa joto. Birika letu linaweza kusoma omu 25 na ushee likiwa baridi, na hiyo ni tofauti ya asilimia chache inayovumilika. Kwa hiyo, kwa vifaa vya joto vya nikromu, kipimo cha omu mezani kinafaa; kwa balbu za tungsteni na taa nyekundu za vifaranga hakifai.

Kwa mota hakifai kabisa. Nilishuhudia kijana wa ufundi akipima mota ya mashine ya kukoboa mpunga huko Mbarali, mota ya kilowati 7.5 ya fezi tatu, akapata omu 1.5 kati ya fezi mbili na kutangaza kwamba mashine ingevuta ampea 267 na kwamba ilikuwa na shoti. Mashine hiyo ilikuwa ikikoboa vizuri tangu msimu uliopita, ikivuta ampea 15. Mota inapozunguka huzalisha volti zake yenyewe zinazopingana na zile zinazoingia, na ndizo zinazozuia mkondo. Ukinzani wa waya wa shaba uliozungushwa ndani yake ni sehemu ndogo tu ya hadithi. Kipimo chake cha omu kilikuwa na faida nyingine ambayo hakuitumia: kulinganisha jozi tatu za fezi. Zikisoma 1.5, 1.5 na 0.9, hapo kweli koili mojawapo imeungua.

Ukinzani ukiwa mdogo sana, yaani chini ya omu mbili hivi, usiiamini namba kabla hujagusisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe. Nyaya za mita za kawaida zina omu 0.2 hadi 0.5, na kiasi hicho lazima kitolewe kwenye jibu. Kwenye birika la omu 26 ni kitu kidogo. Kwenye waya wa ekstensheni wenye omu 0.6 ni karibu jibu lote. Ukinzani ukiwa mkubwa, wa maelfu ya omu, kosa linatokea upande mwingine: vidole vinavyoshika ncha zote mbili huingiza mwili wako sambamba na kile unachokipima, na jibu linapungua. Betri ya mita ikikaribia kuisha namba huanza kupotoka, mara nyingi kwa kwenda juu, na alama ya betri iliyo pembeni ya kioo ipo kwa ajili hiyo.

Mita ikionyesha OL au 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake njia imekatika. Kabla ya kuihukumu koili, angalia swichi ya birika kama imebonyezwa, na themostati kama haijajifungua. Nimeona birika zima likitupwa kwa sababu lilipimwa kwenye plagi swichi ikiwa juu.

Mwisho, omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa. Umeme ukiwepo, namba utakayosoma haina maana yoyote na mita inaweza kuungua; na kifaa kikiwa bado kimeunganishwa na vingine, unapima vyote kwa pamoja bila kujua.

Jibu limepitiliza mara elfu

Chanzo hapa ni kimoja tu: miliampea. Taa ya sola ya volti 12 inayovuta miliampea 250 ikiingizwa kwenye kanuni ilivyo, inakuwa na omu 0.048 na wati 3,000, yaani taa ya mezani yenye nguvu ya kuchomelea geti kwa betri ya pikipiki. Gawanya miliampea kwa 1,000 kwanza. Ampea 0.25 zinatoa omu 48 na wati 3, na mambo yanarudi duniani.

Ampea zinasoma sifuri, au mita imelipuka mkononi

Klampu, yaani mita yenye taya inayopima ampea kwa kuubana waya kwa nje, ikizungushwa kwenye waya wote wa ekstensheni itasoma sifuri hata kama hita ya wati 5,000 inafanya kazi, kwa sababu mkondo unaokwenda kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro unafutana ndani ya taya za klampu. Inatakiwa ishike waya mmoja pekee. Ninatembea na kipande cha ekstensheni fupi ambacho nimekichana ganda la nje kwa urefu wa kiganja ili nyaya tatu zitengane, kila mmoja ukiwa bado na plastiki yake kamili. Ukikichomeka kati ya soketi na kifaa unapata pa kubana bila kufungua chochote. Kwa mkondo mdogo ambao klampu inauona kwa shida, pitisha waya huohuo mmoja mara kumi ndani ya taya kisha gawanya jibu kwa kumi.

Maltimita ya kawaida isiyo na klampu hupima ampea kwa kuingia ndani ya njia ya mkondo, na hapo ndipo hatari ilipo. Nilipokuwa ninajifunza kazi pale Uyole, nilipima ampea za taa ya gari, nikaridhika, kisha nikageuza kitufe kwenye volti na kwenda kupima soketi ya ukutani nikiwa nimeusahau waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10. Palisikika mlio kama wa kuvunjika kwa ubao mkavu, chumba kizima kikawa giza, na ncha ya shaba ya mita ikabaki imeviringika kama kichwa cha njiti ya kiberiti iliyoungua. Hesabu yake ni rahisi na nimeifanya mara nyingi tangu siku ile: mita ikiwa kwenye tundu la ampea ina ukinzani wa sehemu ndogo tu ya omu moja, na hata kama nyaya za nyumba pamoja na mita zilikuwa na jumla ya omu 0.85, mkondo ulikuwa 230 ÷ 0.85, yaani ampea 270. Breka ndiyo iliyoniokoa. Mita ile ilikuwa ya bei ya chini na tundu lake la ampea 10 halikuwa na fyuzi hata kidogo, jambo ambalo huandikwa kwa herufi ndogo kando ya tundu. Yenye fyuzi, ikishaungua, husoma ampea sifuri kwa kila kitu huku volti zikisomeka vizuri. Kwa hiyo sifuri ya namna hiyo ni dalili ya kufungua mgongo wa mita.

Volti zinashuka pindi kifaa kinapowashwa

Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu hapa hesabu ya omu inamwonyesha fundi kitu asichoweza kukiona. Nje kidogo ya mji wa Iringa, upande wa Kihesa, nilipokewa na mama mmoja mwenye banda la vifaranga mita 80 kutoka kwenye mita ya nyumba. Tulisalimiana kwa kamwene ya kwao, kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye banda.

«Angalia, fundi. Wamebanana wote chini ya taa kama wana baridi, na uniti zinaisha kila siku. Hizi taa ni feki.»

«Inawezekana, mama, lakini naomba tuzipime kabla hujazinunulia wenzake.»

Zilikuwa taa nyekundu sita za wati 250, jumla wati 1,500, ambazo kwa volti 230 zingevuta ampea 6.5. Klampu ilisoma 6.1. Volti nyumbani zilikuwa 228 na bandani 203, taa zote zikiwa zimewaka. Zidisha 203 kwa 6.1 upate wati 1,238: taa hazikuwa feki, zilikuwa na njaa. Sasa hesabu muhimu ni ya kile kilichopotea njiani. Volti 25 zilizopotea, ukizigawanya kwa ampea 6.1, zinakupa omu 4.1, na huo ndio ukinzani wa njia yote ya kwenda na kurudi. Je, waya wenyewe unastahili kuwa na omu 4.1? Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una omu 12.1 kwa kilomita. Njia ni mita 160, maana mkondo unakwenda na kurudi, na hapo ndipo wengi husahau kuzidisha kwa mbili. Jibu ni omu 1.94. Kuna omu 2.16 zisizo na mwenyewe, na ampea 6.1 zikipita humo zinazalisha joto la 6.1 × 6.1 × 2.16, yaani wati 80.

Wati 80 mahali pamoja haziwezi kujificha. Tulizima umeme, tukaufuata waya, na chini ya upenu wa banda, mahali ambapo maji ya mvua yanadondokea, tukakuta kiungo cha shaba iliyosokotwa na aluminiamu, kimezungushiwa mfuko wa plastiki ambao ulikuwa umegeuka kuwa gamba jeusi lililopasuka kama ugoro uliokauka. Metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu huliana, na kutu ya aluminiamu haipitishi umeme. Kile kipande kilikatwa, waya mpya ukaungwa kwa kiunganishi cha skrubu ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, na volti za bandani zikapanda hadi 216. Zilizobaki zilikuwa haki ya waya mwembamba. Kwa waya wa milimita 4, wenye omu 4.61 kwa kilomita, upotevu ungeshuka hadi volti tano hivi. Mama alichagua kusubiri mauzo ya kuku kwanza, na sikuona sababu ya kumbishia.

Kipimo hiki, yaani volti pande mbili huku mzigo ukiwa umewashwa, hakifanyi kazi mzigo ukiwa umezimwa. Bila mkondo hakuna volti inayopotea hata kwenye kiungo kilichooza, na bandani ungesoma 228 safi kabisa. Fundi anayepima soketi tupu na kusema umeme uko sawa hajapima alichoitiwa.

Ugonjwa huohuo katika umbo dogo ni plagi inayopata moto. Kiungo kilegevu cha nusu omu tu kati ya pini na soketi, birika letu likiwa limewashwa, kinashusha volti 4 na kutoa wati 37 ndani ya plagi, karibu sawa na pasi ya kulehemu kwa risasi. Birika litachemsha kana kwamba hakuna tatizo, na mita ya volti haitakushtua. Dalili yake ni rangi ya kahawia kuzunguka shina la pini, na harufu kali ya plastiki ambayo watu huizoea. Kubadili plagi pekee hakutoshi, kwa sababu chuma cha ndani ya soketi kilichopata moto hakirudishi tena ukakamavu wake. Badili vyote viwili.

Volti mara ampea inazidi wati za mita ya LUKU

Friji ikisoma ampea 1.2 kwenye volti 225, hesabu inatoa 270, lakini kitaa cha mita kinaonyesha wati 150. Balbu ya LED ya wati 9 inaweza kusoma ampea 0.07, ambazo mara 230 ni 16. Mwenye nyumba akiona namba kubwa hudhani mita inampunja, na akiona ndogo hunyamaza.

Kwenye umeme wa nyumbani, ambao hukamilisha mizunguko 50 ya kwenda na kurudi kwa sekunde, volti na ampea za koili ya joto hupanda na kushuka pamoja, na kwa hiyo kuzizidisha kunatoa wati kamili. Kwenye mota ampea huchelewa nyuma ya volti, na sehemu ya mkondo huenda na kurudi bila kufanya kazi; kwenye balbu nyingi za LED mkondo huvutwa kwa vipande vifupi badala ya kufuata umbo la volti. Zao la volti na ampea hapo huitwa volti-ampea, na wati ni zao hilo mara namba isiyozidi moja ambayo mafundi huiita pawa fakta: kwa friji hiyo ni 150 ÷ 270, yaani 0.56. LUKU huhesabu wati, si volti-ampea. Hata hivyo waya na breka hupasha joto kwa ampea zote 1.2, ziwe za kazi au za kurudi, kwa hiyo unene wa waya unapangwa kwa ampea zilizopimwa.

Kwa fezi tatu, volti mara ampea huzidishwa tena kwa 1.73. Mota ya Mbarali: 400 × 15 × 1.73 × 0.85 ni wati zaidi kidogo ya 8,800 zinazoingia, na kilowati 7.5 za kibandiko ni zile zinazotoka kwenye shafti. Anayelinganisha namba hizo mbili bila kujua tofauti hiyo atatafuta hitilafu isiyokuwepo.

Kwenye sola, kila kitu ni sahihi lakini taa hafifu

Katika vijiji vya Makete na Ludewa ambako nyumba nyingi hutegemea betri ya volti 12, hesabu zilezile zinatumika, lakini kosa dogo hulipwa kwa gharama kubwa. Mzigo wa wati 60 kwenye volti 230 huvuta ampea 0.26, kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Waya wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 10, yaani mita 20 za kwenda na kurudi, una omu 0.24. Kwa ampea 5 hupoteza volti 1.2, ambayo ni sehemu ya kumi ya umeme wote, ilhali kwa ampea 0.26 ungepoteza volti 0.06 na hakuna ambaye angejua. Kwa mantiki hiyohiyo wati milioni 80 za kituo cha kufua umeme cha Mtera, kama zingesafirishwa kwa fezi tatu za volti 400 za mashine ya kukoboa, zingehitaji mkondo wa ampea zaidi ya 115,000, na kwa volti 220,000 zinatosha ampea 210.

Dawa ya sola ya nyumbani si kununua paneli kubwa zaidi. Pima volti kwenye ncha za betri na kwenye ncha za taa, taa ikiwa imewaka. Tofauti ikiwa zaidi ya nusu volti, gawanya kwa ampea, linganisha na omu ambazo waya unastahili kuwa nazo, na utajua kama unanunua waya mnene au unasafisha kishikio cha betri chenye unga wa kijani.